Siku moja Italia, hiyo villa nitaona nini?

SWALI: Hamjambo. Mwezi ujao naenda Treviso, dada yangu anaolewa huko, na nimebaki na siku moja tu ya kutembea. Wenyeji wananiambia niende Maser nikaone Villa Barbaro. Mi ni fundi wa ujenzi, historia sijui. Kuna kitu hapo ama ni jumba la matajiri tu? – Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Kaka enda, na hayo macho ya fundi ndiyo utahitaji. Andrea Palladio, msanifu aliyechora ramani yake, alianza kazi akichonga mawe, na hii aliwajengea ndugu wawili, Daniele na Marcantonio Barbaro, miaka ya 1550, kama nyumba ya shamba. Katikati utaona imekaa kama hekalu, nguzo nne na paa la pembetatu. Watu hupiga picha hapo wakaenda, lakini we angalia yale mabawa marefu ya matao kushoto na kulia, huko ndiko kazi za shamba zilikuwa zinafanyika, chini ya paa, mvua inyeshe isinyeshe, na kule mwisho kabisa njiwa walikuwa na nyumba yao.

Afu zunguka nyuma. Maji yanatoka kwa kilima, na Palladio mwenyewe alieleza kwa kitabu chake cha 1570 vile aliyapanga: kwanza yanajaza bwawa la samaki, yanaingia jikoni, yakitoka huko yanamwagilia bustani. Mtu wa Umoja anayejua kupanga mitungi atasimama hapo kitambo, mi naona hilo ndilo jambo kubwa kuliko nguzo zote.

Ndani utapewa slipa za kitambaa kizito uvalie juu ya viatu, sakafu isichubuke. Kuta zilipakwa picha na mchoraji Paolo Veronese, na kuna mlango uko nusu wazi, msichana mdogo anachungulia, unakaribia kumsalimia ndo unagundua ni ukuta mtupu. Mahali pengine kuna ndara na brashi, unaweza kuinama uziokote. Zimechorwa pia!

Kabla hujasafiri pitia McMillan Library, ile maktaba ya 1931 hapo katikati ya mji, simama kwa ngazi uzitazame zile nguzo vizuri, ukifika Maser utajua mtindo huo wa nguzo ulipita wapi. Na uangalie siku za kufungua mapema, hiyo nyumba bado ina wenyewe wanaoishi humo, haifunguliwi kila siku.