Nilichelewa Msiba wa Edward Gorey kwa Miaka 11

Mwaka 2011 nilimwandikia barua marehemu bila kujua kwamba ni marehemu.

Ilikuwa barua ya kurasa mbili, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Nilimweleza Edward Gorey, mchoraji na mwandishi wa Marekani, kwamba mimi ni fundi wa kuchora mabango hapa Dodoma, kwamba kitabu chake nilikikuta kwenye turubai la muuza vitabu vya mitumba maeneo ya Jamatini, kimelaliwa na vitabu vya hesabu na katalogi ya matrekta, na kwamba tangu nikinunue kazi za wateja zinachelewa kwa sababu yake. Nikaikunja vizuri, nikaenda intaneti kafe kutafuta anwani. Anwani sikuiona. Nilichokiona ni tarehe: 15 Aprili 2000. Moyo, akiwa na umri wa miaka 75, huko jimbo la Massachusetts, Marekani. Kwa maneno mengine nilikuwa nimefika msibani turubai limeshafungwa, viti vimesharudishwa, hata majivu ya moto wa usiku yamepeperushwa, na upepo wa Dodoma mnaujua.

Nyumbani nikamwambia mke wangu nimefiwa. Akashtuka, akaacha kuchambua mlenda.

"Nani tena jamani?"

"Mchoraji mmoja. Mmarekani."

"Amekufa lini?"

"Mwaka elfu mbili."

Akaniangalia kwa muda, kisha akarudi kwenye mlenda wake. "Pole baba. Basi ukitoka huko msibani upitie mkaa, umekwisha."

Sikumlaumu. Ila nilitembea na ule uzito wiki nzima, na juu ya uzito kulikuwa na aibu, maana nilijiona kama mtu anayelia msiba wa kuazima.

Nimeamua kuandika haya kwa ajili ya wenzangu wenye misiba ya namna hiyo, na mpo wengi kuliko mnavyojidhania. Kijana ninayemfundisha kazi alinijia karakanani asubuhi moja ya Mei 2021 macho mekundu. Nikadhani kapigiwa simu kutoka kijijini. Kumbe ni Kentaro Miura, Mjapani aliyekuwa akichora Berserk, hadithi ya picha yenye giza, mapepo na panga lenye urefu wa mtu. Ilianza kutoka mwaka 1989 na ilikuwa bado haijaisha. Mchoraji mwenyewe alifariki tarehe 6 mwezi ule, mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo umechanika, na alikuwa na miaka 54 tu. Kijana amesoma hadithi yote kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Fundi wa kuchomelea wa jirani akamcheka: "Unamlilia mtu wa katuni?" Mimi nikamwuliza yule fundi tarehe 22 Machi mwaka uleule alikuwa wapi. Alikuwa Uwanja wa Jamhuri kumuaga Rais Magufuli, kama watu wengine wengi wa mji huu, na alilia hadharani, nilimwona. Je, aliwahi kumshika mkono Rais? Kunywa naye chai? Akawasha mashine yake, cheche zikaruka, mazungumzo yakaishia hapo.

Kwa hiyo ukifiwa na mchoraji au mwandishi uliyempenda, sema umefiwa. Huhitaji kuomba kibali cha mtu. Ila chagua wa kumwambia. Mtu wa kwanza kumwambia awe yule anayejua kwamba kitabu kinaweza kumkalisha mtu macho usiku. Wengine watafuata au hawatafuata, na mkaa bado utatakiwa ununuliwe.

Kilichonisaidia mimi ni kuacha kutafuta namna mpya ya kuomboleza na kurudi kwenye ile tunayoijua. Sisi tuna neno *kuhani*. Umesafiri, umeugua, hukupata taarifa, msiba ukakupita: unakwenda tu siku utakayoweza, hata baada ya miezi, unakaa, unatoa pole, unapewa maji, unasimuliwa ilivyokuwa. Hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi, au akikuuliza, ni kwa upole. Nikajiambia kama naweza kuhani kwa shangazi Songea baada ya mwaka mmoja, na kwa Gorey naweza baada ya miaka 11.

Msibani husomwa wasifu wa marehemu. Basi nikauandika, kwa mkono, kwenye karatasi ya kupimia herufi za mabango, nikamsomea mteja mmoja aliyekuwa akisubiri bango la duka la dawa. Alizaliwa Chicago tarehe 22 Februari 1925. Alisoma Harvard, akaishi chumba kimoja na Frank O'Hara aliyekuja kuwa mshairi mashuhuri. Mwaka 1953 akahamia New York kuchora majalada ya vitabu vya watu wengine, na usiku akachora vyake, vidogo vidogo, hadi vikapita mia moja. Mwaka 1978 alipata tuzo ya Tony, ile ya michezo ya jukwaani ya Marekani, kwa mavazi aliyoyabuni kwa ajili ya mchezo wa Dracula. Hakuoa, hakuzaa, alifuga paka kibao. Wasomaji wake wengi waliamini ni Mwingereza wa enzi za Malkia Victoria aliyekufa zamani sana. Kumbe alikuwa hai, na maishani alitoka nje ya Marekani mara moja tu, kwenda visiwa vya Scotland. Mtu aliyechora makasri yenye ukungu na wajane waliovaa nguo nyeusi alikuwa anakwenda kutazama dansi ya baleti karibu kila siku ya msimu, amevaa koti refu la manyoya na raba miguuni.

Hilo la raba lilinigusa kuliko tuzo. Ndiyo maana nasema wasifu uwe wa kweli. Mashabiki tuna tabia mbaya ya kumvika marehemu sanda ya kazi zake. Amechora vifo, basi tunasema alikuwa mtu wa huzuni. Tafuta mambo ambayo hayafanani na michoro yake. Humo ndimo utakapomkuta.

Sasa nije kwenye lililonisumbua zaidi, maana watu wa karibu yangu waliniambia wazi kwamba kupenda michoro ya vifo ni kujitafutia mkosi. Kitabu chake kinachojulikana zaidi, cha mwaka 1963, ni alfabeti yenye watoto 26, na kila mtoto anakufa. Mmoja ngazi, mwingine dubu, mwingine, masikini, anakufa kwa kuchoshwa tu na maisha. Ni mashairi mafupi yenye vina, ya kuimbika kabisa. Damu karibu huioni. Picha nyingi zinaishia kabla kidogo ya jambo lenyewe: mtoto amesimama, chumba kikubwa, na wewe msomaji ndiye unayemalizia. Unacheka, halafu unajishika mdomo.

Mkosi? Mimi ni Mngoni. Nimehamia Dodoma mwaka 1998, na jirani yangu wa Chang'ombe ni Mhehe, mtani wangu wa kurithi. Kaka yangu alipofariki hapahapa mjini, jeneza limeshapandishwa kwenye pikapu, yule Mhehe alikwenda akalala mbele ya matairi, amevaa kofia ya marehemu. Akasema gari haliondoki mpaka alipwe, kwamba marehemu alikuwa mvivu tangu tumboni na hata leo anabebwa. Wazee wakachangishana hela za kumwinua. Mama yangu, ambaye kwa siku mbili alikuwa hajafungua mdomo, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akalia, kilio cha kweli sasa, kile ambacho kilikuwa kimekwama.

Nilipokaa na kile kitabu mara ya kumi ndipo nikaelewa nilikuwa nimeona wapi kazi ile. Gorey ni mtani wa msibani. Analala mbele ya matairi ya gari lililobeba jeneza na anakataa kuondoka mpaka ucheke.

Lakini mtani ana haki hiyo kwa sababu ni mtani. Mpita njia akifanya vile anapigwa. Hili nililijifunza kwa aibu. Niliwahi kurusha picha mojawapo ya wale watoto 26 kwenye kundi letu la WhatsApp la wazazi, nikiwa nimefurahi tu, nimemaliza kuitafsiri beti yake kwa vina. Sikuwa nimesoma ujumbe wa juu. Wiki ile mmoja wetu alikuwa amempoteza mtoto. Nilitolewa kwenye kundi ndani ya dakika mbili, na walifanya sawa. Nilikwenda kwake kwa miguu, nikakaa kwenye mkeka, nikaomba radhi. Akanimiminia chai. Hakusema kitu, na mimi sikuongeza. Tangu siku ile, kabla sijaonyesha mchoro wa namna hiyo, nauliza kwanza nani yupo chumbani na kafiwa lini. Wewe uliyempoteza mwandishi wako wa hadithi za kutisha, utatamani kurusha kazi zake kila mahali siku hiyo. Rusha kwa wanaomjua. Kwa wengine, subiri.

Kwa anayechora, hata kama ni kwa kujifurahisha, nina jambo moja ambalo naona linapita picha zote za wasifu tunazobadilisha kwenye simu. Nakili mchoro wake mmoja kwa mkono. Mmoja tu, ila mpaka mwisho. Gorey alichora kwa kalamu ya wino, vimistari vidogo vinavyopishana maelfu kwa maelfu, na alichora kwa ukubwa uleule wa ukurasa wa kitabu, bila kukuza mchoro ili baadaye upunguzwe. Mimi nimezoea mabango ya mita tatu! Nilichukua biro nyeusi na karatasi, nikachagua ukurasa wenye ukuta mtupu na zulia, nikidhani nimechagua rahisi. Usiku nne. Usiku wa pili umeme ulikatika nikaendelea kwa tochi ya simu. Vumbi linaingia kwenye ncha ya kalamu, mkono unashika ganzi, na ule ukuta mtupu una mistari mingi kuliko bango langu lolote. Kufikia usiku wa tatu nilikuwa najua alipopumzika na alipoanza tena, maana mstari unabadilika pumzi. Huo ndio muda nilioupata wa kukaa naye. Kijana wangu naye alinakili upanga wa Miura ubavuni mwa ndoo ya rangi. Ndoo hiyo haitumiki tena.

Na ukiona ni upuuzi kuhuzunikia mkono usiowahi kuushika, panda basi la Kondoa ushuke Kolo. Ile michoro myekundu ya miambani iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na waliochora hakuna anayewajua hata kwa jina. Mpaka leo wapo wenyeji wanaofanya matambiko kwenye baadhi ya miamba ile.

Hadithi iliyoachwa njiani ni maumivu ya aina yake, na hapo sina la kujidai kulijua. Miura alikuwa amemsimulia rafiki yake, Kouji Mori, hadithi itakavyokwenda, na tangu 2022 Mori na wasaidizi wa studio wanaiendeleza. Kijana alikataa kuisoma mwaka mzima. Nilimwacha. Siku moja nikamkuta anaisoma amejificha nyuma ya mbao, nikajifanya sijamwona.

Kuhusu rambirambi: usipeleke hela kwa kila anayejitokeza mtandaoni kusema anachangisha. Angalia marehemu mwenyewe alipenda nini. Gorey aliacha mali yake kwa ajili ya wanyama, mpaka popo na wadudu wakakumbukwa. Rambirambi yangu ilikuwa dagaa kwa paka mmoja wa sokoni Majengo mwenye sikio lililochanika. Amehamia karakanani, anakanyaga herufi kabla hazijakauka, na kuna bango moja Area C lenye nyayo zake ambalo mteja alinikataza kulifuta.

Mwisho nikaweka daftari. Kaunta buku la kawaida juu ya meza, kalamu imefungwa kwa uzi, kama pale msibani. Kila anayekifungua kile kitabu na kukitazama anaandika jina lake na neno lolote. Ile barua ya kurasa mbili nimeibandika ndani ya jalada. Mke wangu aliandika, baada ya miaka: "Pole kwa wafiwa. Mchoro wa yule wa kwenye ngazi siupendi." Ukurasa wa katikati kijana kampa Miura.

Mtani wangu Mhehe alipita juzi, akauliza daftari la nini, nikamsimulia yote haya tangu mwanzo. Akasema Mmarekani si mtani wake, lakini mimi Mngoni ni wake, kwa hiyo na wafu wangu wote ni wake. Akavuta kiti, akalamba ncha ya kalamu, akaandika kwa herufi kubwa: MAREHEMU ANADAIWA JOGOO MMOJA. NDUGU WALIPE KABLA SIJAANZA KUDAI KWA NGUVU. Nimemwambia aje Jumapili.