Alamu inalia kila mvua ikinyesha: nikate waya wa king'ora?

SWALI: Fundi, mimi ni mama wa hapa Himbi, Goma. Gari langu ni RAV4 ya mwaka 2003. Alamu haikuja nalo kutoka Japani, ilifungwa hapa hapa mjini. Tangu mvua zianze inalia usiku bila mtu kuligusa gari: sekunde 30 hivi, inanyamaza, kisha inaanza upya. Majirani wamechoka. Nimeshauriwa nikate waya wa king'ora. Nikate?

JIBU: Mama, usikate. Kinachoiamsha alamu kitabaki palepale: taa zitawaka na kuzima usiku kucha, batri itashuka, na asubuhi gari linaweza kukataa kuwaka. Tena ving'ora vingine vina kibatri chao ndani, na hulia hasa pale vinapokatiwa umeme.

Anza na wakati alamu inapolia, maana ndio unaokuonyesha pa kutafuta. Ikilia dakika chache baada ya kuegesha, injini ikiwa bado moto, mara nyingi ni alamu ya kizamani inayopima volti: feni ya radieta inajiwasha yenyewe, volti zinashuka, alamu inadhani mlango umefunguliwa. Ikilia lori likipita, au ardhi ikitikisika kidogo kama tunavyozoea sisi tunaoishi chini ya volkano ya Nyiragongo, ni kihisio cha mtikisiko kilichowekwa kikali mno. Ikilia alfajiri yenye baridi, pima batri kwanza. Yako inafuata mvua, na hapo mimi naenda moja kwa moja kwenye swichi ya kapo, yaani ya kifuniko cha injini.

Fungua kapo, tazama pembeni, karibu na ukingo wa bodi. Utaona kijiti chenye ncha ya plastiki na waya mmoja chini yake. Kapo likifungwa, kijiti kinabonyea na njia ya umeme inakatika. Likifunguliwa, springi inakipandisha na waya unapata masi, yaani unaungana na bodi ya gari. Sasa maji ya mvua yakikutana na vumbi letu jeusi la volkano ndani ya tundu lile, yanafanya tope linalopitisha umeme kidogo. Kwa alamu, hiyo ni sawa na mtu kufungua kapo. Chomoa kijiti utaona mwenyewe: kutu chini, tope limeshikana na springi, na ukikibonyeza kinapanda polepole au kinakwama katikati.

Jaribio halihitaji kifaa. Chomoa waya wa swichi, zungushia ncha yake utepe wa umeme isiguse chuma, kisha funga gari kwa telekomandi kama kawaida. Ngoja usiku 2 au 3 wa mvua. Ikinyamaza, umempata mkosaji. Siku hizo kapo halina ulinzi, kwa hiyo lilaze gari ndani ya parseli, yaani uani kwako. (Jaribio hili ni la alamu za kufungwa baadaye kama yako. Baadhi ya alamu za kiwandani hufanya kazi kinyume, ukichomoa waya zinadhani kapo liko wazi.)

Mwenye multimeta, yaani kipima umeme, aiweke kwenye omu, waya wa alamu ukiwa umechomolewa: ncha moja kwenye swichi, nyingine kwenye chuma safi cha bodi, kisha abonyeze kijiti kwa kidole. Mita isionyeshe njia yoyote. Ikitoa namba, hata ya kilo-omu chache, nunua swichi mpya. Kusugua kwa msasa kunakupa wiki chache tu, na kifaa chenyewe ni kidogo, hakistahili kukunyima usingizi mara mbili.

Hata swichi mpya itaiamsha alamu kama haifikiwi na kapo. Weka kidonge cha unga wa chapati juu ya ncha ya kijiti, funga kapo, fungua. Unga ukibaki mnene, kapo halifiki. Unga ukilala kama karatasi, linagusa, lakini kugusa tu hakutoshi. Kijiti kinatakiwa kuzama milimita 5 hivi. Inua kishikio chake kwa washa moja au mbili, yaani vile viduara vya chuma vya bolti, na utazame pia mipira inayolishikilia kapo kwenye kona. Barabara zetu za mawe zinailegeza, kapo linacheza, na upepo tu unatosha kuiamsha alamu.

Mvua ikikatika na kilio kikaendelea, pima batri asubuhi kabla ya kuwasha. Volti 12.6 ni batri iliyojaa, 12.2 ni nusu, chini ya 12 haina nguvu. Injini ikiunguruma iwe kati ya 13.8 na 14.5. Kihisio cha mtikisiko mara nyingi ni kisanduku kidogo chini ya tablo (dashibodi), upande wa usukani, chenye skrubu ya kupunguza ukali: zungusha robo tu, funga gari, gonga bodi kwa ngumi nyepesi. Inatakiwa itoe mlio mfupi wa onyo, isilie yote.

Ukishafunga swichi mpya, paka vazelini kidogo kwenye kijiti na kwenye kichwa cha waya, lakini si pale kishikio kinapokutana na bodi. Hapo pakwanguliwe hadi chuma king'ae ndipo ukaze bolti. Na vijana wanaokuoshea gari waambie wasielekeze maji ya presha kwenye kona hiyo.