Barua kwa mwanangu: wiki ya tatu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma na kuurudia. Uliandika hivi: "Mama, hivi watu wanaomaliza mambo yao wanaitoa wapi hamasa isiyoisha? Mimi naanza kwa moto, wiki ya tatu nimeshazima. Kifaransa nimekianza mara nne. Kukimbia asubuhi hata sihesabu tena. Nina kasoro gani?"

Sikujibu siku ile kwa makusudi. Ningejibu papo hapo ningekubembeleza tu, na wewe hukuomba kubembelezwa. Umeuliza swali la mtu mzima, nikaona nilikalie kwanza.

Kasoro huna. Ila unatafuta kitu ambacho hakuna mtu anacho. Hamu ni kama usingizi: huja na kuondoka, na kadiri unavyoulazimisha ndivyo unavyokukimbia. Ule moto wa mwanzo watu huuita nguvu ya soda, na wanaouita hivyo hawajakosea. Unapanda haraka kwa sababu lengo bado liko kichwani, halijakudai kitu. Siku linapokudai uamke na usingizi wako machoni, au ukae peke yako na kitabu wakati wenzako wanacheka chumba cha pili, povu linashuka. Hata hao unaowaona wamefika, lilishuka.

Sasa nikusimulie jambo ambalo sijawahi kukwambia lote.

Ulipokuwa na miaka 9 nilijiandikisha kurudia mtihani wa hesabu nilioushindwa nikiwa msichana. Unanikumbuka mezani usiku na daftari, na unakumbuka nilifaulu, maana ulinirukia shingoni pale mlangoni. Usichokijua ni kwamba katikati hapo niliacha. Siku 19 sikugusa kitabu.

Kwanza uliugua, siku tatu. Halafu kazi zikanizidi ofisini. Hizo zilikuwa sababu za kweli, na ziliisha ndani ya wiki moja. Siku zilizofuata hazikuwa na sababu yoyote. Kitabu kilikuwa juu ya kabati, na siku moja nikakifunika na kitambaa kilichokunjwa, nikijifanya natafuta mahali pa kuweka kitambaa. Nilikuwa nikipita pale natazama pembeni, kama mtu anayemkwepa anayemdai. Na kweli nilijiona nadaiwa. Kila usiku nilijiambia kesho nitafidia kurasa zote nilizoruka. Kesho ikifika kurasa zimeongezeka, deni limekua, na mimi naogopa zaidi. Hesabu zenyewe nilikuwa bado nazipenda. Kilichonizuia ni aibu.

Usiku wa 20, ulipokwisha kulala, niliondoa kile kitambaa, nikafungua daftari kwenye ukurasa wa mwisho nilioandika. Penseli ilikuwa bado katikati ya kurasa, imeacha alama ya kijivu kwenye karatasi. Kulikuwa na swali moja nililoliacha njiani: 3x + 7 = 22, kisha mstari mtupu. Nikaandika chini yake 3x = 15. Nikaandika x = 5. Nikafunga daftari. Hazikupita dakika mbili. Sikufidia hata ukurasa mmoja, si usiku ule wala baadaye. Kesho yake nilifanya maswali manne.

Baada ya hapo nilikosa siku nyingine nyingi, lakini sikukaa tena siku 19 ndipo nirudi. Hilo ndilo jibu langu kwako, na mengine yote ninayoandika hapa yanalizunguka: wanaomaliza wamejua kurudi. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tumezoea kuitumia methali hiyo kufarijiana, lakini mimi naiona kama maelezo ya kazi kabisa. Mhunzi koleo likivunjika hakai kujilaumu, wala kesho yake hafui maradufu ili alipe siku iliyopotea. Anatafuta koleo jingine, anaendelea na chuma kilichopo.

Wiki hii nimesoma pia, maana sikutaka kukupa uzoefu wangu mtupu. Kuna utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, jijini London, uliochapishwa mwaka 2010. Walifuatilia watu 96, kila mmoja akichagua jambo moja dogo la kufanya kila siku baada ya tukio lile lile, kwa wiki 12. Walitaka kujua inachukua muda gani mpaka jambo lifanyike lenyewe bila mtu kujisukuma. Wapo waliohitaji siku 18, na wapo waliokadiriwa kuhitaji siku 254. Katikati ya hao ilikuwa siku 66. Na hapa ndipo nilipokukumbuka: waliokosa siku moja hawakuharibu kitu cha maana, mazoea yaliendelea kujengeka.

Sasa tazama wiki yako ya tatu. Umesikia sana watu wakisema tabia hujengwa kwa siku 21. Wewe ukifika siku ya 21 ukakuta bado unajivuta kitandani, unahukumu kwamba umeshindwa. Mwanangu, kwa watu wengi siku ya 21 safari haijafika hata nusu. Umekuwa ukijihukumu mapema mno, mara nne.

Jambo la pili ni dogo lakini nalipenda kuliko ushauri wote wa "jikaze" na "kuwa na nidhamu", ushauri ambao mimi sijawahi kuuona ukimsaidia mtu aliyechoka. Wanasaikolojia Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter, katika utafiti wao wa mwaka 1997, waliwapa wanafunzi kazi ya kuandika jinsi walivyotumia mkesha wa Krismasi, wakiitaka ndani ya saa 48. Nusu yao walitakiwa kutamka mapema wataandika lini hasa na wakiwa wapi. Wengine hawakutakiwa. Waliotamka, karibu robo tatu walimaliza kwa wakati. Wasiotamka, karibu theluthi moja tu. Wote walipewa kazi ile ile, na hakuna aliyechaguliwa kwa bidii yake. Waliotamka walikuwa tu wameshaamua kabla ya saa kufika, kwa hiyo saa ilipofika hapakuwa na mjadala.

Wewe unasema, "Mwaka huu nitajitahidi na Kifaransa." Sentensi hiyo haina saa wala kiti. Jaribu hivi: "Usiku nikimaliza kupiga mswaki, nakaa kiti cha dirishani, nafungua somo moja." Somo moja, hata kama siku hiyo unajisikia kumaliza kumi. Na leo hii, ukiwa bado na nguvu, andika sentensi ya pili, ambayo watu wengi hawaiandiki: "Nikikosa siku mbili, siku ya tatu nafanya dakika mbili tu, na silipi deni." Ukingoja mpaka ukose ndipo ufikirie utarudije, utakuwa unafikiri na haya imeshakukaa.

Nakuja kwenye lililo gumu zaidi. Malengo yako mawili si ya aina moja, na nadhani unalijua hilo. Kifaransa umekirudia mara nne. Mtu harudii mara nne jambo lisilo lake. Kukimbia nakumbuka ulikoanza: wenzako kazini walikuwa wakitumiana picha za asubuhi, kila mtu na kilomita zake, ukaona umebaki nyuma. Picha zilipopungua, nawe ukapungua.

Mwanasaikolojia wa Marekani Edward Deci alichapisha mwaka 1971 majaribio aliyofanya na wanafunzi kwa fumbo la vipande vya kupanga. Wengine aliwalipa kwa kila umbo walilopata, wengine hakuwalipa. Malipo yalipokoma, wale waliokuwa wakilipwa walilichezea fumbo kwa hiari yao muda mfupi kuliko wasiowahi kulipwa. Nilipolisoma hilo nilisimama, nikakumbuka jinsi nilivyokulea. Nilikuwa nashangilia alama zako. Ripoti ikija nzuri, nyumba nzima inajua. Sikumbuki kukuuliza hata mara moja ni somo gani ulilikalia ukasahau kucheza. Ningependa ningekuuliza. Nakuuliza sasa: ukiwa na Kifaransa, peke yako, bila mtu wa kumwonyesha, ni kipi kinachokufurahisha? Usinijibu mimi. Kiandike mahali utakapokiona ile siku utakapokwepa kabati lako.

Kuhusu kukimbia, unaweza kuacha. Tulikulea na ile ya maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na kwa ahadi ulizowapa watu bado naishikilia. Lakini mto ulioingia kwa kufuata wenzako unaweza kutoka, ukavaa nguo zako, ukaenda. Sharti langu ni moja: utamke. Sema, "Kukimbia nimeacha, afya yangu nitaitunza kwa kutembea," au kwa njia nyingine utakayoipenda. Jambo lililoachwa kwa kutamkwa linakuondoka kichwani. Lililofunikwa kwa kitambaa linakudai kila ukipita, na linakula nguvu ambayo Kifaransa kinaihitaji. Nadhani sehemu kubwa ya uchovu unaousema ni huo wa madeni yaliyofunikwa. Na hapo mambo mawili kwa pamoja ni mengi. Hata mimi nilishika hesabu peke yake.

Naomba unifanyie jambo moja. Kila usiku ukimaliza somo lako nitumie sentensi moja ya Kifaransa uliyojifunza. Mimi sikijui, kwa hiyo sitakusahihisha wala kukupa alama. Nitajua tu kwamba umekaa kwenye kile kiti.

Na zikipita siku mbili kimya, sitakuuliza kulikoni wala sitakukumbusha ahadi. Nitakuandikia 3x = 15, basi. Mstari unaofuata utauandika wewe.

Nakupenda sana, mwanangu.

Mama yako