Kunde zina vinundu mizizini, ni maradhi?

SWALI: Asalaam alaykum. Nimeng'oa kunde zangu nikakuta mizizi imejaa vinundu, jirani yangu anasema maradhi hayo nichome moto zote. Tena dukani kuna poda wanasema ni bakteria wa mbolea unapaka kwenye mbegu, ninunue? – Mkulima, Konde, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam. Usichome kitu kwanza! Chukua kinundu ukibandue kwa ukucha, kikitoka kirahisi na ukikipasua ndani kuna wekundu, basi hongera, hao ni rizobia wako kazini. Kama hakibanduki yani mzizi wenyewe ndo umevimba, hapo jirani ana haki, hao minyoo fundo, muite bwana shamba.

Rizobia ni bakteria, kazi yao kuichukua naitrojeni ya hewani (asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni lakini mmea hauwezi kuila hivyohivyo) wakaigeuza chakula cha kunde, na kunde inawalipa sukari. Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, ndo walioonesha jambo hili miaka ya 1880, na Mholanzi Beijerinck akawatoa bakteria wenyewe mwaka 1888, kwahiyo si mambo ya jana. Kilicho kipya ni kuwa zamani mtaalamu alimjua yule bakteria tu anayekubali kuota kwenye kisahani cha maabara, na wengi hawakubali, siku hizi wanachukua udongo wanasoma vinasaba vya wote waliomo kwa mara moja, jamii nzima hiyo ndo wanaiita maikrobayomu. Wamo na fangasi wanaoshikana na mizizi wakauvutia mmea fosforasi, muhogo bila hao ungeteseka kweli.

Sasa poda. Kunde haichagui sana, rizobia wa udongo wa kwetu huku mara nyingi wanamtosha, kwahiyo kama vinundu vyako vyekundu mie naona hela yako weka mfukoni. Soya ndo ina maringo, inataka rizobia wake maalum, ukiipanda pahala haijawahi kulimwa hapo poda ina maana. Lakini ile ni viumbe hai jamani, ikikaa duka la bati juani miezi unanunua vumbi tu, angalia tarehe, paka kivulini upande siku hiyohiyo. Na yuria, ile mbolea ya naitrojeni, usimwage nyingi, kunde ikishashiba yuria haihangaiki tena kuwalisha bakteria na vinundu vinapungua.

SWALI: Na sie wa mwani? Unageuka mweupe unakatika, ndo bakteria haohao? – Mama wa mwani, Paje

JIBU: Sio hao dada angu, ila bakteria wamo. Mwani ukichoka kwa maji ya moto kule kwenye kina kifupi, au mvua kubwa ikapunguza chumvi, wale bakteria waitwao vibrio na wenzao wanaokaa juu yake siku zote wanapata upenyo. Ndo maana wataalamu wanalinganisha bakteria wa mwani mzima na wa mgonjwa, wajue nani mlinzi nani mwizi. Dawa ya kumwaga baharini hakuna, asikudanganye mtu. Kata uliopauka uutoe nje ya maji, mbegu chukua kwenye uliochangamka, na katika aina mbili za mwani tunazolima, kottonii ndo dhaifu zaidi kuliko spinosum, yeye kottonii anataka kina kirefu chenye maji ya baridi, sasa huko ndo kwenye kazi maana panataka boti na kujua kuogelea, na akinamama wengi hivyo viwili hawana.