Nimefuta rekodi kibao, mbona diski haijapungua?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Nasimamia databesi ya PostgreSQL ya kampuni ya kusafirisha mizigo, kuna jedwali moja la kumbukumbu za malori (kila lori linatuma lilipo) limefika GB 400 pamoja na indeksi (orodha za kuharakisha utafutaji). Bosi kasema tubaki na mwaka mmoja tu, nimepiga DELETE usiku, kama theluthi mbili ya rekodi zimetoka, asubuhi naangalia diski iko vile vile, nafasi imebaki GB 40. Nimesikia dawa ni VACUUM FULL, ile amri ya kubana jedwali. Niipige? — Msomaji, Mwanza

JIBU: Usiipige ndugu yangu, tafadhali sana. VACUUM FULL inaandika nakala mpya ya jedwali zima na indeksi zake, ile ya zamani inaondoka mpya ikishakamilika. Theluthi iliyobaki ya GB 400 ni kama 130, wewe una 40, kwa hiyo itakwama katikati, na muda wote huo hata SELECT (kusoma tu) kwenye hilo jedwali haipiti. Na kama WAL (mafaili ambayo kila badiliko huandikwa kwanza) iko diski hiyo hiyo, diski ikijaa seva nzima inaweza kudondoka.

Nafasi yako haijapotea. DELETE kwenye PostgreSQL haing'oi rekodi pale pale, inaiwekea alama tu kwamba imekufa, maana kuna mwingine anaweza kuwa bado anaisoma kwenye transaksheni (kazi ya databesi ambayo haijafungwa) aliyoanza kabla yako. Baadaye autovacuum, msafishaji wa PostgreSQL anayejiendesha mwenyewe, inapita inasafisha zile kurasa za KB 8 ili rekodi mpya ziingie humo, ila faili lenyewe halisinyai, labda kurasa tupu ziwe mwisho kabisa wa faili, na rekodi za zamani kwa kawaida ziko mwanzo. Ubaya ni kwamba hiyo nafasi ni ya jedwali hilo tu, majedwali mengine hayaigusi.

Sasa hakikisha usafi wenyewe umefanyika. Angalia n_dead_tup (idadi ya rekodi zilizokufa) na last_autovacuum (mara ya mwisho kusafishwa) kwenye pg_stat_user_tables. Kwa kawaida autovacuum inasubiri rekodi zilizokufa zifike asilimia 20 ya jedwali na 50 juu yake, wewe umeshapita mbali, kwa hiyo ukikuta bado zimejaa na haipo kazini saa hiyo, kuna kitu kinaizuia. Fungua pg_stat_activity, orodha ya waliounganishwa na databesi, utafute iliyoandikwa "idle in transaction" yenye xact_start (muda transaksheni ilipoanza) ya zamani, mara nyingi ni mtu kafungua transaksheni akaenda kula. Halafu pitia pg_replication_slots, hapa watu wengi hawaangalii kabisa: sloti (nafasi inayotunzia seva nakala, yaani replika, mabadiliko ambayo bado haijayachukua) ya replika iliyokufa zamani inaweza kushikilia mafaili ya WAL bila kikomo, ukiiondoa unaweza kupata nafasi ambayo hata hukuitegemea.

Indeksi nazo zimevimba. Kuanzia toleo la 12 kuna REINDEX INDEX CONCURRENTLY ya kujenga indeksi upya, anza na ndogo, moja moja, haizuii watu kuandika.

Lakini data ya namna hii kukaa jedwali moja ni kujitafutia shida hii hii kila mwaka. Omba diski ya ziada ya GB 200, weka tablespace (mahali pa PostgreSQL kuhifadhi mafaili) huko, tengeneza jedwali jipya lenye patisheni (vipande) za kila mwezi, rekodi mpya zianze kuingia huko, halafu kopi ule mwaka mmoja mwezi kwa mwezi. Ukimaliza unapiga DROP (kulifuta lote) jedwali la zamani na GB 400 zinarudi kwenye diski papo hapo, kisha miezi iliyotulia unaihamisha kurudi diski kuu kwa SET TABLESPACE. Kuanzia hapo mwezi ukizeeka unaudrop, hakuna DELETE ya usiku kucha.

Kabla ya ile DROP, hesabu rekodi za kila mwezi pande zote mbili, na bekapu uwe umejaribu kuirudisha kwenye seva nyingine, sio kuiona tu kwenye folda.