Tuliomaliza Mkwawa 2015: mimi nilikuwa Uyole nauza viazi

Mleta mada umeuliza swali fupi: tuliohitimu chuo cha Mkwawa, Iringa, 2015 tuko wapi, nani ana kazi, nani kaoa au kaolewa, nani ana watoto wangapi. Nimesoma majibu yote tangu jana usiku. Wengi wamejibu kwa mstari mmoja, "niko Dodoma, namshukuru Mungu", wakapita. Naomba nijibu kwa urefu kidogo, kwa sababu kuna miaka ambayo swali hili hili lilikuwa linanifanya nizime data.

Nilisoma ualimu, Kiswahili na Jiografia. Kwetu ni Tukuyu, baba ni mkulima wa chai na ndizi. Sisi watu wa Rungwe tunaijua mvua, lakini upepo wa Iringa wa mwezi wa saba ni habari nyingine, waliopita pale wananielewa. Tulikaa watatu chumba kimoja Kihesa. Boom, yaani fedha za kujikimu za mkopo, likitoka tunanunua mchele, likikata tunarudi kwenye ugali na dagaa, na hakuna aliyeona aibu kwa sababu mtaa mzima ulikuwa unakula hivyo hivyo.

Kwa wadogo zetu wanaosoma huu uzi: waliotutangulia walikuwa wakimaliza chuo, wanakaa nyumbani miezi michache, majina yanatoka na vituo vyao, wanaenda kuripoti. Hakukuwa na kuomba wala usaili. Nasi tulipanga maisha kwa hesabu hiyo. Baba alishawaambia watu kanisani kwamba mwanawe ni mwalimu wa serikali, akakopa fedha za kumlipia mdogo wangu ada ya kidato cha tano akijua nitazirudisha mimi.

Halafu 2016 ajira zikasimama kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Ukafuata uhakiki wa vyeti, na Aprili 2017 ikatoka ile orodha ya watumishi zaidi ya 9,900 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Tuliokuwa mtaani tulijipa moyo kwamba nafasi hizo sasa ni zetu. Walimu wa sayansi na hisabati wakaanza kuitwa kidogo kidogo. Sisi wa masomo ya sanaa tukaendelea kusubiri.

Katika miaka hiyo ya kusubiri nilipata shule binafsi mkoani Njombe. Sitaitaja. Nilifundisha pale miaka minne, mshahara ukija mwezi huu, miezi miwili haujaja, tunaambiwa wazazi hawajalipa ada. Nilivumilia kwa sababu darasani nilikuwa na furaha, na hilo ni kweli. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne walikuwa wakibaki jioni kwa hiari yao kusoma ushairi. Pale pale Njombe ndipo nilipokutana na mume wangu, fundi wa dingdong, zile mashine za kupasulia mbao ambazo huhamishwa kutoka shamba hadi shamba. Tulifunga ndoa 2018. Yeye kazi zake nyingi ziko Mafinga na huko kwenye msitu wa Sao Hill, kwa hiyo tangu mwanzo ndoa yetu imekuwa ya barabarani. Mtoto wa kwanza alizaliwa 2019.

Machi 2020 shule zote nchini zikafungwa kwa ajili ya corona. Tukaambiwa tusubiri nyumbani bila mshahara. Juni 29 shule zikafunguliwa. Wenzangu baadhi walipigiwa simu, mimi sikupigiwa. Nilipopiga mwenyewe niliambiwa nafasi yangu ina mtu.

Sasa twende kwenye kundi letu la WhatsApp la darasa, maana hapo ndipo habari ilipo. Lilianzishwa siku ya mahafali. Mwanzoni ilikuwa picha za majoho, vichekesho, kukumbushana nani alikuwa na sapu, mitihani ya marudio. Baada ya mwaka mmoja likageuka, na sidhani kama kuna mtu aliyepanga iwe hivyo. Aliyepata kazi benki anaweka picha ya ofisi. Aliyejenga anaweka picha ya bati. Anayekwenda kusoma shahada ya pili anaweka picha ya uwanja wa ndege. Wote wanapongezwa, na walistahili. Lakini wasio na picha wakaanza kunyamaza. Mimi nilinyamaza 2017. Kuna mwenzetu mmoja kutoka Ludewa, alikuwa akikaa mstari wa mbele daima na daftari lake limefunikwa gazeti, yeye alijitoa kabisa. Watu walisema anaringa, amepata maisha.

Mwaka 2020 mwishoni mtu wetu mmoja alipita Ludewa kwa shughuli zake, akauliza habari zake kwa wanakijiji. Akaonyeshwa kaburi. Alikuwa amekwisha fariki miezi minane nyuma. Aliugua muda mrefu, nyumbani kwao hawakuwa na uwezo, na kundi lenye watu zaidi ya 100 wenye kazi na wasio na kazi halikujua. Hatukuchanga hata shilingi elfu moja. Rambirambi tulizituma baadaye, mama yake akapokea, akashukuru sana, akasema hakujua kama mwanawe ana marafiki wengi hivyo. Naandika hapa na bado inaniuma.

CR wetu wa zamani, yaani kiongozi wa darasa, ndiye aliyeshtuka kuliko wote. Alichukua orodha ya darasa akaanza kupiga simu, mmoja mmoja, wale tu waliokuwa kimya. Alinipata mimi mwezi wa pili 2021, niko Uyole.

Uyole mnaijua, pale barabara ya Tukuyu na Kyela inapoachana na ile ya Dar. Nilikuwa nanunua viazi Isyonje na vijiji vya Uporoto, nashusha Uyole, nauza kwa wenye maroli ya Dar. Mtaji ulikuwa fedha za mume wangu za msimu mmoja wa mbao. Ni biashara inayolipa, ila ina macho makali. Ukichelewa siku mbili na mvua inanyesha, viazi vinaanza kuoza kwenye gunia. Ugonjwa wa bakajani ukipiga mashamba bei inapanda na mzigo huupati. Kisha kuna lumbesa. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100, lakini dalali anataka lile lenye kichuguu kilichoshonewa kamba, na analinunua kwa bei ya gunia moja. Nilipigana na lumbesa msimu mzima. Nilinunua mzani wangu, nikawa nawapimia wakulima mbele ya macho yao. Wenye maroli wengine walinikimbia, wengine walikaa, na wakulima wa Isyonje wakawa wananihifadhia mzigo hata nikichelewa. Viazi safi vya aina ya kagiri walikuwa wananiwekea pembeni.

CR aliponipigia nilikuwa mbele ya huo mzani. Akauliza, "Dada, uko wapi siku hizi?" Kwa miaka nilikuwa na jibu langu: niko Njombe, shule fulani, mambo yanaenda. Siku hiyo nilisema niko Uyole nauza viazi, sina kazi ya kuajiriwa, nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu, deni la Bodi ya Mikopo linakua na sijalipa hata senti. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Iandike hivyo hivyo kwenye kundi. Hivyo hivyo ulivyoniambia."

Ilinichukua siku nne. Niliiandika usiku, nikaweka na picha ya magunia. Asubuhi nilikuta ujumbe zaidi ya 60. Siwezi kuwaeleza nilivyojisikia. Wa benki, yule wa picha ya ofisi, aliandika kwamba mkataba wake uliisha 2019 na anaendesha bajaji Mbagala. Aliyejenga akasema nyumba ni ya mkopo na mkewe amerudi kwao. Dada mmoja wa Sumbawanga aliandika kwamba amepoteza mimba tatu na alikuwa akitoka kwenye kundi kila mtu anapoweka picha ya mtoto mchanga, kisha anaomba kurudishwa. Wiki nzima watu waliandika. Tangu hapo tuna mfuko: shilingi 5,000 kila mwezi, mweka hazina ni mwalimu wa hesabu wa Songea, na taarifa anaitoa kila tarehe 1 bila kukosa.

Mambo mengine nitayapitisha haraka. Mei Mosi 2021 Rais Samia alitangaza kuondoa ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo wa elimu ya juu, na wengi wetu tulipumua. Kwenye kundi, kila dirisha la ajira za walimu la TAMISEMI lilipofunguliwa kulikuwa na mtu wa kutukumbusha, na mwingine wa kutukagulia vyeti kama vimepakiwa sawasawa. Mara mbili nilizoomba kabla ya hapo, niligundua baadaye kwamba cheti changu cha kuzaliwa kilikuwa hakisomeki. Katikati ya 2022 jina langu likatoka. Agosti nilitakiwa kuwa karani wa sensa kijijini kwetu, nikaiacha nafasi hiyo kwa mdogo wangu, nikaenda kuripoti.

Kituo kilikuwa sekondari ya kata wilayani Makete. Nilipita barabara ile ile ya Isyonje ya kununulia viazi, nikapandisha Kitulo, nyasi mpaka upeo wa macho, mtoto yuko mgongoni amelala. Wenyeji walinipokea vizuri mno. "Kamwene," kila unayekutana naye, mpaka watoto wadogo. Nilikatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kurudisha mkopo na sikunung'unika, nilikuwa nimeisubiri kwa miaka saba hiyo hati ya mshahara yenye jina langu.

Lakini mume yuko Mafinga. Mtoto wa pili alizaliwa 2023 na baba yake alimwona akiwa na wiki tatu. Niliomba uhamisho wa kumfuata mwenza, barua ikakaa. Walimu wanajua njia iliyobaki: kutafuta wa kubadilishana naye, somo kwa somo. Nilibandika tangazo kwenye makundi yote ya walimu kwa mwaka mzima. Anayetaka kuja Makete hayupo, wote wanataka kutoka.

Alipatikana ndani ya kundi letu. Mwalimu wa Kiswahili aliyekuwa Mufindi, huko huko iliko Mafinga, mzaliwa wa Makete, mama yake amepooza na hana wa kumuuguza. Alikuwa ameliandika hilo kwenye kundi, si kama tangazo, aliandika tu kwamba analala vibaya akimfikiria mama. Nilimpigia dakika ile ile. Kibali kilichukua miezi saba, safari mbili za halmashauri na barua nyingi, na sasa yeye analala nyumba moja na mama yake, mimi niko Mufindi, mume wangu anarudi jioni akinuka utomvu wa paini na watoto wanamkimbilia. Viazi sijaviacha. Mdogo wangu, yule wa ada ya mkopo, ndiye yuko Uyole sasa na ule mzani.

Kwa hiyo mleta mada, jibu langu ni hilo: mwalimu, Mufindi, nimeolewa, watoto wawili, baba yangu yu hai na deni lake la ada tumelimaliza mwaka jana.

Na nina ombi. Tulikuwa watatu kile chumba cha Kihesa. Mmoja yuko Singida, tunaongea kila wiki. Wa tatu, ndugu yangu kutoka Mbozi, uliyesoma Historia na Kiswahili, uliyeniazima koti lako la kijani nilipopata malaria wiki ya mitihani mwaka wa pili, namba yako haipatikani tangu 2018. CR amekutafuta, mimi nimefika mpaka Vwawa kukuulizia. Koti ninalo bado. Kama unasoma hapa, hata kama hutaki kuandika chochote kwa wote, nitumie ujumbe wa faragha. Andika neno moja tu, "Kihesa", nitajua ni wewe.