Tairi za theluji kwenye Subaru hapa Kampala? Zitoe

Kaka, umeuliza kama uziache zile tairi zilizokuja na Impreza yako kutoka Japani kwa sababu bado zina meno na mvua zimeanza, mimi nakwambia zitoe tu. Angalia ubavuni, ukiona neno STUDLESS au kale kamchoro ka mlima wa vilele 3 na theluji ndani, hizo kwa kawaida ni za baridi, mpira wake wameufanya laini ili usikakamae joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, sasa hapa kwetu saa nane mchana lami inachoma mpaka unaisikia kwenye viatu! Mimi niliziacha kwenye gari langu, kwenye kona za msitu wa Mabira nikielekea Jinja nyuma ilikuwa inacheza kama imekaa juu ya uji, na meno yakaisha upesi ajabu. Na usidhani tairi inayoshika kwenye theluji itashika hivyohivyo kwenye maji, siyo kitu kimoja.

Chukua za kawaida zenye mifereji mipana, saizi ileile iliyoandikwa mlangoni kwa dereva, na ununue zote 4 pamoja maana Subaru nyingi zinavuta magurudumu yote, zikipishana kimo unaumiza difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwenye magurudumu. Ukienda za mtumba soma namba 4 za mwisho pale kwenye DOT, ile alama ya herufi na namba ubavuni mwa tairi, 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019, zikizidi miaka 6 mimi sigusi hata zing'ae vipi, ile ni dawa tu wamepaka.